Kipande cha Shahidi

Barafu ina sifa isiyo yake. Watu huiona kwenye glasi ya juisi, inang'aa na kugongana kwa sauti nzuri, wakadhani ni maji yaliyoamua kutulia. Mwulize Mama Baridi. Ameishi nayo maabara ujana wake wote, naye atakwambia bila kupepesa macho kwamba barafu ina meno. Maji yakiganda ndani ya nyama iliyo hai hujichonga ncha, yakatoboa kila kilicho jirani, na siku ya kuyeyusha huna nyama tena, una uji. Kama huamini, tia nyanya kwenye friza leo, kesho uitoe, ikishayeyuka uiminye. Hiyo ndiyo habari nzima ya barafu, na kazi ya Mama Baridi na wenzake ilikuwa kuinyima nafasi.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya mapipa. Yalisimama safu nzima kwenye chumba cha nyuma, yanamfika mtu kifuani, yamejaa naitrojeni ya kimiminika inayofuka moshi mweupe kila kifuniko kinapoinuliwa. Ndani yake vililala vipande vya watu: ngozi, mishipa, vali za moyo, na vipande vya ovari za wanawake ambao dawa za saratani zingewaunguza mayai. Funguo alikuwa nazo yeye. Alivaa sweta mwaka mzima, hata siku ambazo nje lami inanata kwenye viatu. Hilo "Mama" walimwongezea kwa heshima iliyochanganyika na utani, kwa maana mtoto hakuwa naye. Aliyemlea ni mdogo wake tu, Kitinda, ambaye mama yao alifariki akimwacha hajaota hata meno ya pili.

Wachumba walikuja wakaambiwa wasubiri. Wengi walichoka, wakaenda zao. Mmoja, mwalimu wa hesabu mwenye roho ngumu, alibaki. Kwanza aliambiwa Kitinda amalize shule. Kisha Kitinda akaugua, akaambiwa Kitinda apone. Kitinda akapona, akaolewa na dereva wa lori mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, na mwalimu akaambiwa sasa Kitinda apate mtoto. "Zamu yangu ikifika utanishtua," alimwambia Mama Baridi, akafungua gazeti lake. Kila mtu alimcheka yule mwalimu, naye alicheka pamoja nao.

Sasa sikiliza, maana mambo yote yanatoka hapa. Kitinda alipougua, kabla ya kupewa zile dawa kali za saratani, madaktari walimkata vipande vitatu vya ovari, vyembamba kama ganda la kitunguu. Vililowekwa katika maji mazito ya sukari na dawa ya kuzuia barafu, vikapoozwa ghafla, maji yaliyomo yakakosa hata muda wa kujipanga. Yakawa kama kioo, ndani hakuna punje wala ncha. Kuingia kwenye kioo si shida. Balaa ni kurudi. Ukipasha joto polepole, barafu inapata upenyo wa kuzaliwa njiani. Ukipasha kwa pupa, nje kunapata moto na ndani bado, kipande kinapasuka. Na ukisema uongeze dawa ili barafu isithubutu kabisa, dawa yenyewe ni sumu, unakuta umekilinda kipande hadi umekiua.

Mwaka uliotangulia, kipande cha kwanza cha Kitinda kilipashwa kwa njia ya zamani, kwenye maji ya uvuguvugu. Kingo ziliwahi, katikati ikachelewa. Alipandikizwa hivyo hivyo kwa kubahatisha, na mwili wake haukujibu lolote. Miezi ikapita. Kitinda akawa akipiga simu anaanza na habari za mvua na jua, kisha za lori la mumewe, hadi salio linakaribia kwisha ndipo anauliza, "Vile vyangu bado vipo, Dada?"

"Vipo. Nimevipita asubuhi," Mama Baridi alikuwa akijibu, na kila mara ni kweli.

Vilibaki viwili.

Pale maabara kila mtu alikuwa na wazo lake la kuikomesha barafu, na mawazo yalimwagwa saa ya chai, kwenye kichumba chenye birika la umeme na viti visivyolingana. Fundi wa mitambo waliyemwita Redio, kwa vile hazimiki, alitaka sauti: wakipige kipande kwa mawimbi yasiyosikika ili punje za barafu zisipate utulivu wa kukua.

"Wewe tukikuweka karibu na pipa ukaongea," Mama Baridi alimwambia, "hakuna kitakachoganda humu ndani, hata hizo mashine tutauza."

Daktari wa mifugo, ambaye aliwaletea ovari za kondoo za kufanyia majaribio, alishikilia habari za samaki wa bahari za baridi kali, wenye kitu kwenye damu kinachoing'ang'ania kila punje ya barafu isiongezeke. Alisema siku moja watakitengeneza kwa wingi. Siku hiyo hakuna aliyeijua. Profesa, mkuu wao, mtu mrefu mwenye sauti ya chini kama anayeongea msibani, yeye alikuja na unga wa chuma. Unga laini kuliko vumbi unatiwa kwenye yale maji mazito, unakizunguka kipande na kupenya kwenye vijishipa vyake. Kisha kinaingizwa katikati ya koili ya sumaku, waya uliozungushwa mara nyingi. Swichi ikiwashwa, kila chembe ya chuma inapata joto kwa wakati mmoja, ndani na nje, hakuna anayetangulia. Ovari za kondoo zilirudi nzima kabisa. Za binadamu zilikuwa hazijajaribiwa.

Na hapo ndipo kanuni ya maabara ilipomkaba Mama Baridi koo. Kabla ya kupasha kipande cha mtu kwa njia mpya, lazima kipashwe kwanza kipande shahidi. Shahidi anapashwa, anakatwa, anatiwa rangi, anatazamwa kwenye hadubini, na akishatazamwa amekwisha, harudi kwa mtu. Kwa kawaida shahidi hutoka kwa mwenyewe, na Kitinda alikuwa na viwili tu duniani.

Kitinda alikuja kwa dada yake Jumamosi. Walikaa jikoni wakimenya viazi, mmoja kwenye kigoda, mwingine kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Chukueni kimoja," Kitinda alisema. "Mniahidi tu kwamba kile kingine hakitaharibika."

"Hakuna wa kukuahidi hilo."

"Sasa shahidi ni wa nini?"

"Ni ili tujue."

"Yaani kimoja kife ndipo kingine kiaminiwe." Kitinda alitupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka. "Hesabu hiyo hata mwalimu wako hawezi kuikubali. Dada, mimi nimechoka kukatwakatwa. Viwekeni vyote viwili kwa mpigo, kama ni kufa vife pamoja."

Mama Baridi aliweka kisu chini. Alimtazama mdogo wake mikono, ile mikono aliyoifundisha kushika kisu. Alikuwa tayari kutoa chochote. Watu husema hivyo ovyo ovyo, lakini yeye hakuwa anasema, alikuwa anahesabu alicho nacho.

Na alicho nacho kilikuwepo. Kwa muda mrefu alikuwa na uvimbe mdogo kwenye ovari ya kushoto ambao daktari wa upasuaji alimsihi autoe, naye akawa anaahirisha kama anavyoahirisha kila kilicho chake. Jumatatu alimfuata Profesa ofisini.

"Uvimbe wangu nautoa wiki hii," alisema. "Nimemwomba daktari anikate na kipande kizima kando yake. Tukiloweke kwa maji yale yale ya enzi za Kitinda, tukigandishe vile vile, tukipashe kwa sumaku. Shahidi awe mimi."

Profesa alivua miwani. "Kanuni inasema hatushughulikii vipande vya ndugu zetu."

"Vya ndugu, ndiyo. Changu mwenyewe imesema nini?"

"Haikusema kitu, kwa sababu aliyeiandika hakuwahi kukutana na wewe." Alizifuta lenzi kwa shati, muda mrefu kuliko zilivyohitaji. "Unajua kwamba shahidi anasema kila alichonacho. Hatumchagulii la kusema."

"Najua. Kazi hii nimeifanya kabla yako."

Kwa kweli hakujua. Huko ndiko kuteleza kwake, na ni kuteleza ambako asingekufanya mtu wa nje. Mtu wa nje angeogopa kila kitu. Yeye alikuwa ametazama vipande vya watu kwa miaka akitafuta jambo moja tu, kwamba barafu imepita au haikupita, hadi akasahau kwamba kipande kina habari nyingine.

Upasuaji ulikwenda salama. Kipande chake kikalowekwa, kikapoozwa, kikakaa kwenye pipa lake mwenyewe, na alipopona kidonda alirudi kazini akawa anapita mbele ya lile pipa na kulisalimia kwa utani. "Shikamoo mimi," alikuwa anasema, na Redio anacheka hadi anakohoa. Siku ya kukipasha alikatazwa kuingia. Alikaa nje akisikia koili ikinguruma.

Majibu pale hayakutumwa kwa simu wala kuachwa mezani. Kulikuwa na kiti kimoja cha mbao ofisini kwa Profesa, chenye mto wa bluu, na mwenye kipande aliitwa, akakaa hapo, akasomewa ana kwa ana. Kabla ya kusoma, Profesa aliuliza neno lile lile: "Mwenye kipande yupo?" Mtu akaitika, "Nipo." Mama Baridi alikuwa amesimama nyuma ya kile kiti mara nyingi, na kitambaa mkononi kwa atakayelia. Safari hii alikaa yeye. Aliona mto ni mgumu kuliko alivyodhani.

"Mwenye kipande yupo?"

"Nipo. Soma, bwana, roho iko juu."

"Barafu haikupita," Profesa alisema. "Kuta za seli nzima. Mishipa mizima. Hakuna ufa, hakuna tundu, kingo na katikati ni sawa. Sijawahi kuona kipande cha binadamu kilichorudi hivi."

Mama Baridi alifumba macho. Furaha ilimjaa hadi akajishika kwenye mbao za kiti. Alimwona Kitinda jikoni, akamwona na kitoto mgongoni. Kisha akagundua kwamba Profesa hajanyanyuka, na karatasi bado ameishika.

"Endelea," alisema.

"Vifuko vya mayai." Sauti ya Profesa ilishuka zaidi. "Kwa mtu wa umri wako, kipande kama hicho tulitegemea kukuta makumi na makumi. Tumekikata chote. Tumekuta viwili."

"Viwili."

"Vizima vyote viwili. Havina hata mkwaruzo."

Ilimwingia akilini polepole, kama mtu anayesomewa barua ya mwingine. Profesa alisema yale anayosema kwa wote, kwamba mayai hayakai sawasawa, kwamba kipande kimoja si ovari nzima, kwamba damu ipimwe. Damu ilipimwa wiki ile ile, na damu ikasema vile vile: kisima kilikuwa kinakauka, na huenda kilianza kukauka wakati anamwambia mwalimu asubiri Kitinda amalize shule. Alilia kwenye chumba cha mapipa, mlango ameufunga. Aliwalilia watoto ambao hakuwahi hata kuwatamani kwa sauti, kwa sababu siku zote aliwaweka kesho. Iliuma, iliuma sana, na jina la Mama Baridi lililokuwa linamchekesha sasa lilimchoma.

Alimwambia Kitinda kwa simu, kwa kifupi. "Shahidi amesimama vizuri. Njoo tukupange."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Sauti yako."

"Ni sweta, limenibana shingo," alisema Mama Baridi, na Kitinda akacheka.

Siku ya kupanga, Kitinda alikuja amevaa vizuri kana kwamba anakwenda harusini. Mwenye kupashiwa ana haki ya kumwona shahidi, hiyo nayo ni kanuni, na Redio, kwa ukarimu wake usio na breki, alishawasha hadubini kabla Mama Baridi hajapata la kuzuia. Kitinda aliinama. Alikuwa amewahi kuona picha ya kipande chake, ile ya siku ya kugandishwa, na aliikumbuka: vifuko vimejazana kama maharage sahanini.

"Pazuri," alisema. "Pametulia. Hivi viduara ndivyo vyenyewe?"

"Ndivyo," Redio alisema.

"Viwili. Na vile vingine viko sehemu gani?"

Redio, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakuwa na la kusema. Aligeuka akaanza kukusanya vitambaa ambavyo havikuhitaji kukusanywa. Kitinda aliinua uso kutoka kwenye hadubini, akamtazama dada yake, na alipoona dada yake anaangalia sakafu, alielewa yote.

"Umejua tangu lini?"

"Kabla sijakupigia."

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Ukishajifungua."

"Kila kitu nikishafanya mimi," Kitinda alisema. Hakupandisha sauti, na bora angepandisha. "Shule mimi, kupona mimi, ndoa mimi. Umenibebea maisha hadi umesahau ya kwako mlangoni, na sasa nitalibeba vipi hili? Niambie, Dada. Nitambeba mtoto huku nakuangalia machoni vipi?"

"Utambeba tu. Mimi ndiye nitakayemwogesha, wewe hujui kuogesha kitu."

"Usinifanyie mzaha."

"Sina kingine, mdogo wangu," alisema Mama Baridi. "Sina kingine leo. Niachie mzaha."

Kitinda alimshika, wakasimama hivyo kati ya hadubini na ukuta, na lile sweta likalowa begani. Baadaye Kitinda alijifuta uso, akamgeukia Profesa aliyekuwa amesimama mlangoni kitambo bila kukohoa.

"Nitapandikizwa kimoja," alisema. "Kile kingine kibaki kwenye pipa kwa ajili ya dada yangu."

Profesa alimweleza kwa upole kwamba mwili wa mtu hukikataa kipande cha mwingine, hata cha ndugu. Kitinda alisikiliza hadi mwisho.

"Basi yai," alisema. "Likitoka la kwangu, litoke na la kumpa yeye. Mnajua kufanya hilo au mpaka wale samaki wenu wapatikane?"

"Yai tunaweza," alisema Profesa.

"Unanigawia mavuno shamba halijalimwa," Mama Baridi alisema.

"Ndiyo. Na umpigie yule mwalimu umwambie ukweli wote, leo. Asipouweza aende zake, lakini asikae kwenye foleni asiyojua mwisho wake."

Alimpigia jioni ile ile. Mwalimu akauliza kama amekula. Alikuja na mkate.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Kitinda alilazwa upande wa upasuaji, amelala usingizi wa dawa, tumbo tayari kupokea. Mumewe alikuwa njiani na lori la mzigo wa wateja, anapiga simu kila anapopata mtandao. Mama Baridi alitoa ufunguo kwenye mkufu wake, akamkabidhi Redio, maana kipande cha ndugu hakishikwi, akaenda kukaa kwenye benchi la korido. Benchi hilo alilijua kwa upande mmoja tu. Siku ya kupandikiza majibu husomwa hapo, na yeye ndiye aliyekuwa akitokea nayo mlangoni. Hakujua kwamba ukikaa hapo unaona saa ya ukutani, na kwamba mtu aliwahi kukwangua rangi kwa ukucha pale mkono unapofikia. Alianza kukwangua na yeye.

Alisikia kifuniko cha pipa. Alisikia nyayo za Redio zikivuka chumba, za haraka, ndivyo zinavyotakiwa. Kisha koili ikanguruma, ikanyamaza. Hapo ndipo barafu huamua. Aliijua kila hatua ya kule ndani: kipande kinaoshwa chuma, kinaoshwa dawa kidogo kidogo, pembe yake inakatwa kijisehemu, inatiwa rangi ya kuonyesha kilicho hai, inapelekwa kwenye hadubini.  Aliomba. Hakuomba kwa ajili yake, kisha akakumbuka alivyosemwa, akajiongeza mwishoni.

Mlango ukafunguka. Redio alitoka na barakoa shingoni, uso wake hausomeki. Alisimama mbele ya benchi kama kanuni inavyotaka.

"Mwenye kipande yupo?"

Mama Baridi alitazama upande wa upasuaji. "Si amelala?"

"Kabla hajalala aliniambia," Redio alisema, "kwamba swali hili niliulize hapa, na wewe ndiye uitike." Akarudia. "Mwenye kipande yupo?"

Mama Baridi alisimama. Alivuta sweta likakaa sawa.

"Nipo," alisema.

"Kizima," alisema Redio. "Wanampelekea sasa hivi."